Mita Mbili kutoka Gari ya Ezira

Jumatatu, 4 Agosti 2014. Juru, kambi ya wakimbizi ya Nakivale

Betri ya pili imekufa. Saa nne asubuhi, bila kuaga. Ya kwanza ilizama kwenye bidoni ya maziwa mwezi uliopita. Hii imevimba kama chura na haipokei tena umeme wa sola. Filimbi yangu sasa ni bomba tu.

Niandike mambo wazi, maana daftari halina mdomo. Naandika Kiswahili kwa sababu mke wangu Mukarukundo anasoma Kinyamulenge haraka mno. Kiswahili anakisikia vizuri, lakini hana uvumilivu wa kukisoma.

Filimbi ni jina nililolitunga mimi. Kwenye boksi wameandika kuwa ni sigara ya umeme. Ndugu yangu Irakiza, aliyehamishiwa Amerika na watoto wake, aliituma pamoja na chupa tatu za maji yenye harufu ya vanila. Unavuta, unatoa mvuke, moyo unatulia. Hakuna kiberiti. Hakuna jivu. Siku arobaini na moja sasa sijagusa sigara! Nimezihesabu kwa sababu mtu mwingine anazihesabu pia.

Huyo mtu ni Mzee Rugamba, binamu ya mke wangu, mzee wa kanisa, pua ya mbwa wa kuwindia. Mwezi wa nne alinikuta nyuma ya ghala la mahindi na sigara mdomoni. Tangu hapo nakaa benchi ya nyuma kanisani, kati ya mlevi mmoja na bwana mwenye wake wawili. Sishiriki Meza ya Bwana. Hilo navumilia. Lakini tarehe 23 binti yangu Ikirezi anaolewa, na mtu wa benchi ya nyuma haruhusiwi kumshika binti mkono na kumpeleka mbele. Baraza la wazee litanitazama Jumapili ya tarehe 17. Wakiridhika kwamba nimeacha moshi, nitamsindikiza mwanangu. Wasiporidhika, atasindikizwa na Rugamba.

Rugamba ameshanunua tai. Rangi ya maziwa.

Siku kumi na tatu. Bila filimbi sifiki hata Alhamisi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimejaribu pile, betri ndogo za tochi. Nilizifunga kwa mpira wa baiskeli, nikaziunganisha na filimbi kwa waya. Ikatoa mvuke mwembamba kama uzi, kisha ikalala. Mukarukundo akauliza kwa nini tochi haiwaki. Nikasema pile zimechoka. Akasema si hizo peke yake.

Saa kumi alasiri jirani yetu Ezira alirudi na gari yake kutoka Mbarara, anapiga honi kama mtu aliyepata mapacha. Nikasimama. Nikajiuliza: nguvu ya honi hii inatoka wapi? Chini ya boneti kuna betri kubwa kama kigoda! Na imekaa tu jioni nzima, haina kazi.

Halafu nikakumbuka jambo. Mbele, karibu na redio, kila gari ina tundu la kuwashia sigara. Ezira alipookoka alikata kauli: alilifunga tundu hilo kwa gunzi la mahindi ili Shetani asipate mlango, akaliombea. Gunzi lipo hadi leo.

Yaani waliotengeneza gari walinifikiria. Ezira ndiye ambaye hakunifikiria.

Sitalala usiku huu kwa furaha.

Jumatano, 6 Agosti

Nimejitolea kuosha gari ya Ezira kila siku akirudi. Akaniuliza ninaumwa wapi. Nikasema ni moyo wa utumishi. Akaniuliza kama daktari ameniambia kitu. Mwishowe akakubali, lakini alibaki mlangoni akinitazama, anakula mhogo polepole.

Alipoingia ndani kuchukua maji, nikafungua boneti. Waya moja upande huu wa betri, moja upande ule, filimbi mdomoni.

Sitaki kuandika mengi. Filimbi ililia kama nyoka aliyekanyagwa. Niliona mwanga, kisha nikaonja chuma. Mdomo wa juu umevimba. Kichwa cha filimbi kimeungua, cheusi.

Ezira alitoka mbio akauliza ni nini kilicholia. Nikasema mshipi wa injini. Akasema injini imezimwa. Nikasema ndiyo maana umelia.

Nyumbani nilimwambia Mukarukundo kwamba nimeungua na uji. Akasema, "Baba Ikirezi, leo hatukupika uji."

Gari imeoshwa vizuri, hata hivyo.

Alhamisi, 7 Agosti

Mdomo kama ndizi. Nilipita dukani, nikaona pakiti za sigara zimepangwa juu ya rafu, zinanitazama kama watoto yatima. Nikageuka. Nikarudi. Nikageuka tena. Muuzaji akauliza kama ninacheza ngoma. Nilinunua sabuni nisiyoihitaji.

Rugamba alikuwa ng'ambo ya barabara. Hakunisalimu. Alitazama sabuni.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeenda Mbarara na Ezira. Nilikaa mbele, gunzi likiwa sentimita ishirini kutoka goti langu. Nilijizuia.

Nyuma ya soko kuna Bonaventure, mtu wa Uvira, anayetengeneza redio na kila kitu chenye waya. Alichukua filimbi, akainusa, akaitazama midomo yangu, akacheka mpaka akaegemea meza. Akaniita mzee kwa Kifaransa, akasema, "Vieux Semahoro, gari iko na volti kumi na mbili. Hii kitu yako inaomba tatu na kidogo. Ulimunywesha mutoto muchanga ndoo nzima!"

Nikamwambia mimi nilijifunza umeme peke yangu. Akasema inaonekana.

Lakini ni fundi kweli. Alisokota kichwa kipya kwa waya mwembamba kama unywele. Akachonga kipande cha mti wa mpera kikawa sawasawa na betri iliyovimba, akakitia misumari miwili, akakiunganisha na waya. Betri ya mti! Inaingia ndani ya filimbi kama betri halali. Katikati ya waya akaweka kisanduku kidogo cha kupunguza nguvu, na mwisho wake kitu cha kuchomeka kwenye tundu la sigara. Nikauliza waya una urefu gani. Mita mbili, kwa sababu waya wenyewe uliishia hapo.

Malipo hakutaka. Alitaka kualikwa harusini na mke wake Madeleine, benchi ya mbele, nyama ya paja. Nimekubali. Mtu ambaye mwenyewe bado yuko benchi ya nyuma anagawa benchi za mbele!

Jumamosi, 9 Agosti

Inafanya kazi!!

Saa kumi na moja jioni, Ezira amekwenda kuoga. Nilitoa gunzi. Nikachomeka. Nikavuta. Mvuke mweupe, mtamu, wa kutosha. Dunia ikarudi mahali pake. Hata mlima wa kule ng'ambo ya ziwa niliuona mzuri.

Shida moja. Siwezi kwenda mbali. Nikitaka kuosha tairi za nyuma lazima nichomoe. Nimekuwa mbuzi aliyefungiwa kwenye mti wa magurudumu manne. Lakini mbuzi aliyefungiwa penye majani hana malalamiko.

Nilirudisha gunzi kabla Ezira hajatoka. Alisema tangu awe na gari haijawahi kung'aa hivi. Akasema ataliambia baraza.

Sikupanga hilo. Mungu ndiye aliyelipanga.

Jumatatu, 11 Agosti

Msiba. Au baraka. Sijui bado.

Mama Kabanyana, kiongozi wa kwaya ya akina mama, alikuja kumuuliza Ezira habari za safari ya kesho. Mimi nilikuwa ndani ya gari, nimemaliza kuvuta wakati huo huo, mvuke bado haujatoka. Akaingiza kichwa dirishani. Akanusa. Nilikalia filimbi.

Akasema, "Eeh! Muko munafukiza kibuyu humu ndani?"

Mtu mwenye akili angesema hapana. Mimi nikaona mlango umefunguka, nikaingia. Nikasema ndiyo mama, ni vibuyu vya Ikirezi, navifukizia garini ili moshi usipotee.

Akanitazama kama anayetazama ndama mwenye vichwa viwili.

Ndipo nikakumbuka. Kwetu mwanamume anakamua. Lakini kuosha kibuyu cha maziwa, kukifukiza kwa moshi wa majani mazuri ili maziwa yakae na yanukie, hiyo ni kazi ya mama. Baba yangu alikufa bila kujua hata majani yenyewe yanaitwaje. Mwanamume anayefukiza vibuyu ni habari ya kufika Isingiro kabla ya jua kuzama.

Kabanyana akanusa tena. Akasema, taratibu, kwamba harufu hii ni nzuri kuliko ya kwake. Akauliza ni majani gani. Nikasema ni ya kutoka mbali.

Jumatano, 13 Agosti

Kabanyana amerudi na kibuyu chake. Anataka nimfukizie, kwa heshima ya harusi. Ningesema nini? Alipoondoka nikavuta, nikapulizia ndani, nikaziba na kifuniko. Saa moja baadaye alikifungua, akafumba macho. Akasema angekuwa na mume kama mimi asingezeeka.

Kufikia jioni vimeletwa vibuyu kumi na kimoja. Vimekaa kiti cha nyuma kama abiria wanene wasio na miguu. Navuta, napuliza. Navuta, napuliza. Mtu anayeteseka kwa kukosa moshi sasa anateseka kwa wingi wake! Kichwa kinazunguka. Chupa ya pili imekwisha.

Na wanaume wamesikia. Kwenye kituo cha maziwa waliniita Mama Vibuyu. Mmoja aliuliza kama nitajifunga kitenge siku ya harusi au nitavaa gauni kabisa. Nilicheka pamoja nao. Kicheko cha gharama.

Rugamba hakucheka. Alipita karibu na gari saa kumi na moja na dakika kumi. Najua dakika kwa sababu alitazama saa yake, akatazama mvuke unaotoka dirishani, akatoa kalamu. Kisha akasema kwa sauti ya Jumapili, "Shemeji, mutu wa kufukiza vibuyu hasimami mbele ya bakwe. Na mutu wa moshi hasimami mbele ya Mungu. Wewe uko wapi kati ya bale babili?"

Nikamjibu niko kwenye gari ya Ezira. Lilikuwa jibu zuri. Halikunisaidia.

Ijumaa, 15 Agosti

Ikirezi alikuja na kibuyu cha kumi na mbili. Cha kwake mwenyewe. Aliingia akakaa kiti cha mbele, akafunga mlango. Sikupata muda wa kuficha waya.

Alitazama gunzi juu ya dashibodi, waya, betri ya mti. Akasema, "Papa, hii kamba inakufunga kama mbuzi."

Nilianza kumweleza habari ya volti kumi na mbili. Akasema hakuuliza volti. Akasema mama anajua tangu siku ya uji, na kila usiku anamwombea baba asiungue tena. Nikasema tumbaku sijagusa siku hamsini na mbili. Akasema anajua, na yeye anahesabu.

Kisha akaniambia maneno ninayoyaandika yote, nisije nikayatengeneza baadaye. Alisema, "Jumapili ukisema bongo, ukibadanganya, watakubali, nitatembea na wewe na nitajua. Ukisema kweli na bakukatalie, nitatembea mwenyewe. Lakini na mzee Rugamba, hapana. Mukono wake ni baridi, Papa. Ni kama kushika samaki."

Akaniachia kibuyu, akaenda.

Hakuniomba niache filimbi. Nimeliona hilo. Hata hivyo nilikifukiza kibuyu chake kwa majani, kama inavyotakiwa, nyuma ya nyumba, na machozi yalinitoka. Ni moshi.

Jumapili, 17 Agosti

Niandike kabla sijasahau.

Baraza lilikaa baada ya ibada. Mchungaji, wazee watano, mimi katikati kwenye kiti kisicho na mgongo. Akina mama walijaa madirishani. Rugamba alikuja amevaa tai. Ya maziwa. Harusi ni Jumamosi, yeye ameivaa Jumapili!

Ezira alishuhudia kwanza. Akasema nimekuwa mnyenyekevu, nimeosha gari yake siku kumi na moja bila kuomba kitu. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nikaona mwanga.

Kisha Rugamba akafungua karatasi. Akasoma kama hakimu: tarehe 13, saa kumi na moja na dakika kumi, moshi mweupe, dirisha la kushoto. Tarehe 14, saa kumi na mbili kasoro robo, moshi mweupe, madirisha yote mawili. Kabanyana akapiga kelele kutoka nje kwamba ule ni moshi wa vibuyu vyao, na kama wanaume wote wangejinyenyekeza hivyo kanisa lingekuwa limejengwa kwa matofali. Akina mama wakapiga vigelegele.

Mchungaji akainua mkono. Akaniuliza swali moja tu, kwa upole, na huo upole ndio ulioniua. Akauliza kama ule moshi ulipita kinywani mwangu au haukupita.

Nilikuwa na uongo wa aina tatu, mmoja mzuri kweli. Nikatazama dirishani. Ikirezi alikuwa amesimama karibu na nguzo, amekunja mikono, hanisaidii kwa lolote.

Uongo wote ukanikimbia. Nikasema ulipita. Nikasema si tumbaku, ni mvuke wa umeme, kutoka gari ya Ezira, na mvuke huo niliuvuta nikaupuliza kwenye vibuyu.

Ndipo ikaja sauti ya Kabanyana, ndogo sana.

"Ulipuliza na kinywa? Mu kibuyu yangu?"

Akina mama wakatazamana.

Baraza lote likatoka kwenda kutazama gari. Nilipotoa gunzi, Ezira alielewa kwamba mlango wa Shetani ulikuwa wazi wiki nzima na yeye akiendesha. Alikaa chini kwenye vumbi. Nikachomeka, nikaeleza. Wazee wawili wakasema ni mvuke. Wawili wakasema ni moshi. Mmoja aliuliza kama inaweza kuchaji simu.

Hapo Rugamba akasogea mbele. Akasema ubishi utaisha sasa hivi: yeye ataionja, na kama ni tumbaku ataitambua. Mzee mmoja akamuuliza ataitambuaje tumbaku mtu asiyewahi kuvuta. Rugamba akasema pua ilipewa kazi yake. Akachukua filimbi. Akaivuta kama mtu anavyovuta maziwa kwa mrija. Akaivuta ndefu. Ndefu mno kwa mtu wa pua tu.

Wingu likamtoka. Puani, nguzo mbili, nyeupe, kama ng'ombe dume asubuhi ya baridi. Likaifunika tai yote. Alikohoa. Alifumba macho. Kisha, na nina mashahidi arobaini, akavuta tena.

Akasema ni kwa ajili ya kuhakikisha.

Mchungaji alisubiri wingu lipite. Akasema sheria ya kanisa hili haitazami jina la mtu, inatazama kinachomtoka kinywani. Kama hiki ni moshi, benchi ya nyuma ina nafasi ya wawili, na Ikirezi atatafutiwa msindikizaji wa tatu. Kama ni mvuke, hakuna wa kukaa huko. Akasema shahidi mzuri ni mzee aliyeonja mara mbili. Akamuuliza Rugamba.

Rugamba alitazama tai. Akatazama akina mama. Akatazama benchi ya nyuma, inayoonekana vizuri kupitia mlangoni, na mlevi wetu alikuwa bado amekaa pale, akamsogezea nafasi.

"Ni mvuke," Rugamba akasema. "Kama ya chai."

Haleluya!

Nimerudishwa kundini. Masharti: nivioshe vibuyu kumi na kimoja kwa mikono yangu kisimani, mchana, watu wakiona. Tundu la Ezira lifungwe tena, kwa gunzi jipya, na liombewe upya. Na mvuke wenyewe niuache taratibu kabla ya Noeli. Nikasema amina. Amina ni neno pana.

Ikirezi hakusema kitu. Alichukua kiti kisicho na mgongo akakirudisha mahali pake, na alipopita alinigusa begani.

Jumatano, 20 Agosti

Nimeosha vibuyu kisimani. Watazamaji zaidi ya siku ya kugawa mahindi. Kabanyana alisimama juu yangu, akinionyesha sehemu nilizoruka. Nilipomaliza akanusa kimoja baada ya kingine. Akanong'ona kwamba kile cha kwake nisikisugue sana.

Jumamosi, 23 Agosti

Kutoka mlangoni hadi mbele ni hatua ishirini na mbili. Nilizipima Alhamisi.

Leo sikuweza kuzihesabu. Nilifika ya sita, Ikirezi akanibana mkono, nikapotea. Mkono wake ulikuwa wa moto. Wangu pia. Hakuna waya unaofika kule, na sikuutafuta. Tulipofika mbele Mchungaji akauliza ni nani anayemtoa binti huyu. Nilikuwa na hotuba fupi. Nikasema "Mimi," basi. Mukarukundo anasema nilisema mara tatu.

Wakwe walitoka Kakiika na magari mawili na ng'ombe wengi wa maneno tu. Walipopewa maziwa, baba wa bwana harusi alinusa kibuyu, akauliza kwa Kiswahili chake cha kule, "Ssebo, bwana wangu, hii maziwa nafukiza na nyasi gani?" Kabanyana akamjibu kabla yangu kwamba hiyo ni siri ya Juru.

Bonaventure alikuja na Madeleine na watu wengine sita. Benchi nzima. Nyama ya paja haikutosha.

Ikirezi aliondoka saa kumi. Aliniambia kitu sikioni ambacho sitakiandika hata kwa Kiswahili.

Jambo moja la kushangaza. Mara mbili nilimwona Rugamba amesimama karibu na gari ya Ezira, mikono nyuma, anatazama ndani dirishani.

Jumatatu, 25 Agosti

Nyumba imekuwa kubwa. Mukarukundo amefagia chumba cha Ikirezi mara mbili, na hakina kitu.

Siku sitini na mbili bila sigara. Mimi ni mtu mpya. Nimeamua kuacha kila kitu. Asubuhi niliiweka filimbi na betri ya mti ndani ya soksi, soksi ndani ya kopo, kopo juu ya dari. Chupa ya tatu imekwisha, na Irakiza anasema hawezi kutuma nyingine kabla ya Noeli. Yote yamekaa sawa.

Saa nne Rugamba akabisha hodi. Bila tai. Aliniuliza habari za afya yangu, za mke, za mbuzi, za mvua. Alipomaliza mvua alichungulia mlangoni. Kisha akasema tangu Jumapili ile kifua chake, kilichomsumbua miaka mitano, kimefunguka. Ni jambo la afya tu. Akauliza, kwa ajili ya kujua, kama ile betri ya mti inaweza kuwekewa waya mbili, za watu wawili.

Nikasema elimu haikatazi.

Akasema gari ya Ezira sasa haiwezekani. Lakini funguo za pikapu ya kanisa zinatunzwa na yeye, na betri yake ni mpya, ya mwaka huu.

Nikapanda darini kuchukua kopo. Ni kwa ajili ya kumwonyesha.

Ikabaki shida ya maji. Nikamsomea maandishi ya chupa tupu. Kuna glisirini, ile ile ya kupaka watoto, ipo dukani Rwekubo. Kuna harufu, harufu si kazi. Rugamba akasogeza kiti. Akasema kwa sauti ya chini kwamba shangazi yake, huko karibu na ziwa, anapanda majani fulani ya kufukuza kupe kwenye ng'ombe. Anaweza kuomba moja. Jani moja tu, la kuloweka, kuleta ladha. Kisha akashtuka na maneno yake mwenyewe, akaniuliza kama hilo si lile lile tulilokatazwa.

Nilifikiri kwa muda wa pumzi nzima. Nikamwambia awe na amani. Jani lililowashwa moto ndilo sigara. Jani lililolowekwa kwenye maji ni mboga.